Vyumba Ishirini na Pesa za HELB

Mwanafunzi aliyewekwa katika kundi la tano la mfumo mpya wa kufadhili vyuo vikuu hupata kutoka HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, mkopo wa kujikimu wa Sh40,000 kwa mwaka. Bedsita ya Sh5,000 kwa mwezi, ikilipiwa miezi minane ya masomo, inagharimu Sh40,000. Hesabu inafungana bila shilingi moja kubaki. Tatizo ni kwamba mwanafunzi huyo bado hajala.

Hiyo Sh5,000 ni bei ya mfano, nimeichagua kwa sababu inagawanyika vizuri. Kuanzia King'ong'o, Nyeri, hadi Chuka kuna singo za chini ya hapo na bedsita za juu ya hapo, kutegemea maji, umbali wa kufika getini na kama kuna shawa ya maji moto (Nyeri ya Julai si mahali pa kuoga maji baridi kwa hiari). Mwenye kutaka kuweka bei ya mtaa wake na aiweke. Ninachotaka kupima ni hiki: pesa za serikali zikichelewa, ni nani anayemkopesha mwanafunzi mahali pa kulala, na kumkopesha huko kunagharimu kiasi gani?

Kenya hatuna ruzuku ya kodi ya nyumba inayotolewa kwa jina hilo. Tulizo nazo ni pesa za umma ambazo mwisho wa safari yake hulipa kodi: posho ya nyumba ya mwalimu na ya polisi, Sh2,000 za kila mwezi za Inua Jamii kwa wazee waliotimiza miaka 70, na mkopo wa HELB. Katika miji ya Mlima Kenya, huo mkopo wa HELB ndio uliojengewa maghorofa.

Tazama ukubwa wake. Chuo cha Dedan Kimathi, nje kidogo ya mji wa Nyeri, kilianza 1972 kwa harambee ya wananchi kikiwa taasisi ya ufundi, kikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili Desemba 2012. Chuka kikafuata Januari 2013, Karatina na Meru Machi mwaka huo huo. Oktoba 2016 ikawa zamu ya Kirinyaga, Murang'a na Embu. Vyuo vikuu saba vya umma, kaunti sita, chini ya miaka minne. Kila kimoja kilizungukwa na mashamba ya kahawa, chai au mahindi, na kila kimoja leo kimezungukwa na ploti za ghorofa tatu au nne zenye nguo zilizoanikwa kwenye vizuizi vya ngazi.

Wateja hawajapungua. Waliopata C+ na zaidi, alama ya kuingia chuo kikuu, katika mtihani wa KCSE wa 2022 walikuwa 173,127. Mwaka uliofuata walikuwa 201,133, na 2024 wakafika 246,391. Hilo ni ongezeko la asilimia 42 kwa miaka miwili, na sidhani kuna chuo kilichoongeza vitanda vya bweni kwa asilimia 42 katika muda huo. Wasiopata kitanda ndani hutafuta keja nje. Kwa hivyo anayesema biashara ya kupangisha wanafunzi haina soko hajapita karibu na geti la chuo wiki ya kuripoti. Soko lipo. Kigumu ni kalenda ya malipo.

Mfumo uliotangazwa Mei 2023 uliwapanga wanafunzi katika makundi kulingana na uwezo wa familia. Mkopo wa kujikimu kwa mwaka ni Sh60,000 kwa kundi la kwanza, Sh55,000 kwa la pili, Sh50,000 kwa la tatu, Sh45,000 kwa la nne na Sh40,000 kwa la tano, nao hutolewa nusu kwa nusu, semesta kwa semesta. Mahakama Kuu iliuharamisha mfumo huo Desemba 2024, Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo miezi michache baadaye, na huku chini mwenye ploti akaendelea na swali lake la siku zote: HELB imeingia?

Toa kodi ya miezi minne, Sh20,000, katika nusu ya kila kundi. Wa kundi la kwanza anabaki na Sh10,000 kwa semesta nzima. Wa pili Sh7,500, wa tatu Sh5,000, wa nne Sh2,500, na wa tano hana kitu. Semesta ikihesabiwa siku 120, wa kwanza anaishi kwa Sh83 kwa siku na wa nne kwa Sh21. Akihamia singo ya Sh3,000, yule wa kundi la tano anarudishiwa Sh8,000, yaani Sh67 kwa siku. Serikali inadhani familia ya kundi la tano itajazia pengo, na pengine inaweza. Lakini makundi haya yalizua malalamiko tangu mwanzo, wazazi wakisema wamewekwa juu kuliko uwezo wao, na mwenye ploti hana njia ya kujua ni nani aliyepangwa vibaya mpaka tarehe tano ya mwezi ifike na simu isipokelewe.

Sasa fuata njia ya pesa. Ufadhili na mkopo wa karo hutoka serikalini na kwenda chuoni moja kwa moja, mwanafunzi hazigusi. Mkopo wa kujikimu humwendea mwanafunzi mwenyewe. Serikali ilipotaka kuhakikisha chuo kimelipwa, iliondoa mkono wa mwanafunzi katikati. Mwenye nyumba hakufanyiwa hivyo, na sidhani kuna aliyekaa akaamua asifanyiwe. Hakuwa mezani tu.

Tujenge ploti ya mfano. Ina bedsita 20, zote zimejaa, kodi Sh5,000. Mapato ni Sh100,000 kwa mwezi. Mwenyewe alikopa Sh3 milioni kwenye Sacco kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya deni linalosalia, alipe kwa miaka mitano. Malipo yake ni Sh66,700 hivi kila mwezi. Ushuru wa mapato ya kodi ya nyumba ulishushwa kutoka asilimia 10 hadi 7.5 kuanzia Januari 2024, na hutozwa kwenye pesa zote zilizoingia kabla ya kutoa gharama yoyote: Sh7,500. Keateka tumlipe Sh12,000. Maji, taka na taa za ngazini Sh8,000, maana wanafunzi wengi hupanga nyumba ambayo maji yamo ndani ya kodi. Jumla ya kutoka ni Sh94,200. Mwenye jengo la ghorofa, anayeitwa tajiri kila akipita sokoni Karatina, anabaki na Sh5,800.

Weka kidole hapo kwenye Sh5,800, kwa sababu kila kitu kinachofuata kinatokana nayo. Chumba kimoja kisipolipa, anapoteza Sh5,000 na kuokoa ushuru wa Sh375, yaani pengo halisi la Sh4,625. Anabaki na Sh1,175. Viwili visipolipa, ameingia hasara ya Sh3,450. Viwili kati ya ishirini! Hiyo ni asilimia 10 ya wapangaji, katika biashara ambayo zaidi ya nusu ya wateja wanaweza kuwa wanangoja pesa kutoka ofisi moja jijini Nairobi.

Tuseme wanaotegemea HELB ni 12. Semesta inaanza, pesa hazijaingia, na zinakuja baada ya miezi miwili. Hilo halihitaji mawazo mengi kulifikiria: HELB hutegemea Hazina ya Taifa kuachilia fedha, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huomba mkopo baada ya kupata nafasi, kwa hivyo huripoti chuoni kabla ombi lake halijakamilika. Mwezi wa kwanza zinaingia Sh40,000 kutoka vyumba vinane. Sacco inataka Sh66,700 zake, keateka na bili Sh20,000, ushuru Sh3,000. Pengo ni Sh49,700. Mwezi wa pili ni hivyo hivyo, na jumla inakuwa Sh99,400. Ili kuzirudisha kutoka katika faida ya Sh5,800 kwa mwezi ingemchukua miezi 17.

Bahati nzuri hazirudi hivyo. HELB ikiingia, wengi hulipa madeni yao kwa siku moja, na wenye ploti wanaijua siku hiyo hata bila kuambiwa, kwa jinsi biashara zote za getini zinavyochangamka. Hasara ya kweli iko sehemu mbili. Ya kwanza ni gharama ya kuziba pengo kwa muda. Akikopa kwa simu kwa, tuseme, asilimia 8 kwa mwezi, mwezi wa kwanza unamtoa Sh3,976 na wa pili Sh7,952, karibu Sh11,900 kwa semesta. Ya pili ni anayehama usiku. Deni lake ni la miezi miwili, Sh10,000. Diposti aliyoweka ni ya mwezi mmoja, Sh5,000. Zinazobaki, Sh5,000, ni karibu faida ya jengo zima kwa mwezi. Wapangaji 19 wamelipa vizuri, keateka amefagia ngazi siku 30, na kijana mmoja mwenye godoro na meko ya gesi ameondoka na yote kwenye bodaboda saa nane za usiku.

Huwezi kumfuata? Sheria ya kukamata mali kwa ajili ya kodi, Sura ya 293, inamruhusu mwenye nyumba kuchukua mali ya mpangaji kupitia dalali mwenye leseni. Lakini orodhesha mali ya mwanafunzi: godoro, sufuria mbili, spika ya muziki, ndoo. Ada ya dalali itazidi thamani ya vitu hivyo. Ndiyo maana wengi hukimbilia kufuli. Mwanafunzi anarudi kutoka darasani jioni na kukuta mlango umefungwa kwa kufuli asiyoijua, au umeme umekatwa, na katika visa vibaya zaidi mlango wenyewe umeng'olewa. Kwa nyumba ambazo kodi yake haizidi Sh2,500, Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296, ina baraza lake maalumu na inakataza mwenye nyumba kumsumbua mpangaji ili ahame bila amri. Kiwango hicho cha Sh2,500 kimeachwa palepale kwa miongo mingi huku bei zikipanda, kwa hivyo kila mwaka vyumba vinavyolindwa ni vichache kuliko mwaka uliopita. Hata juu ya kiwango hicho, kumfungia mtu nje ya chumba alichokipanga bila kwenda mahakamani ni kujitafutia kesi. Najua wenye ploti watakaocheka wakisoma hayo. Hawajashtakiwa bado.

Lakini tuondoe ule mkopo wa Sacco, tuone kitakachotokea. Ploti ile ile, vyumba vile vile 12 vimechelewa. Zimeingia Sh40,000, toa ushuru Sh3,000, keateka na bili Sh20,000. Mzee asiye na deni anabaki na Sh17,000 mkononi katika mwezi mbaya kabisa, na Sh72,500 katika mwezi mzuri. Huyu anaweza kumwambia mwanafunzi, "Ngoja HELB, utanilipa." Jirani yake mwenye mkopo hawezi, hata akiwa mwenye huruma kuliko yeye. Tukiulizana ni kwa nini ploti moja ina kufuli kila Oktoba na inayopakana nayo haina, nashauri tuangalie kwanza daftari la mkopo kabla ya kuangalia tabia ya mtu.

Miezi ambayo hakuna mtu

Nimehesabu hadi hapa kana kwamba mwaka una miezi 12 ya kodi. Hauna. Likizo ndefu huacha ploti za wanafunzi kimya, na desturi iliyoenea ni mwanafunzi kulipa nusu ili chumba chake kisipewe mwingine, au kufunga virago kabisa na kuanza kutafuta upya. Chukua ile hali nzuri: miezi tisa kodi kamili, mitatu nusu, hakuna anayehama, hakuna anayechelewa. Mapato ya mwaka ni Sh1,050,000. Ushuru ni Sh78,750, Sacco Sh800,800, keateka Sh144,000, na bili, zikishuka kwa nusu wakati wa likizo, Sh84,000. Jumla ya kutoka ni zaidi ya Sh1,107,500.

Jengo lililojaa, wapangaji waaminifu, na bado limepungukiwa na Sh57,500 kwa mwaka. Pengo hilo hujazwa na mshahara wa mwalimu au maziwa, na katika Othaya na Mathira hujazwa na bonasi ya chai ya Oktoba. Mkulima anadhani ana miradi miwili. Ukweli ni kwamba majani ya chai yanalipia bedsita.

Kuna misiba isiyo kwenye kalenda pia. Machi 2020 vyuo vilifungwa kwa sababu ya korona, na wanafunzi wengi hawakurudi madarasani hadi mwishoni mwa mwaka au mwanzoni mwa uliofuata. Sacco hazikufungwa. Halafu mgomo wa wahadhiri wa 2025 ulidumu siku 49, kuanzia Septemba 17 hadi Novemba 5. Kwa kodi ya Sh5,000, siku 49 ni Sh8,167 kwa kila chumba. Mkopo wa kujikimu ulipimwa kwa semesta ya miezi minne. Mgomo ukiirefusha, HELB haiongezi kitu. Hapo mwanafunzi na mwenye nyumba wanagombania pesa ambazo hakuna yeyote kati yao aliyezipoteza.

Ukali wa hesabu hizi hutofautiana kwa mahali. King'ong'o na Ruring'u, mjini Nyeri, chumba kilichoachwa na mwanafunzi kinaweza kuchukuliwa na askari jela, muuguzi, karani wa kaunti au fundi wa jua kali. Chuka, chuo kiko karibu na mji ulio kwenye barabara kuu ya Meru, kwa hivyo wapangaji wa aina nyingine wapo. Kagochi, iliko kampasi kuu ya Karatina, kilomita kadhaa kutoka mjini, au Nchiru, kwenye Chuo Kikuu cha Meru, mwanafunzi akiondoka unabaki na ng'ombe wa jirani. Nanyuki ni soko jingine kabisa. Huko kodi hufuata wanajeshi na utalii.

Wenye ploti wengi husema afadhali "mtu wa mshahara". Tangu 2018, serikali ilipowaambia polisi wakapange nyumba mitaani na kuwapa posho, mpangaji huyo ameongezeka. Ila pesa zake nazo zina kalenda yake. Mwaka wa fedha wa 2024/25, mvutano kuhusu mgao wa kaunti ulichukua miezi kabla ya kiwango cha Sh387.4 bilioni kukubaliwa, kutoka Sh400.1 bilioni zilizokusudiwa kwanza, na mfanyakazi wa kaunti anajua mvutano kama huo humaanisha nini mwisho wa mwezi. Na mzee wa Inua Jamii? Sh2,000 zake hata zikija kwa wakati hazifikii kodi ya singo ya mfano wetu.

Wenzetu wanalipaje

Marekani ina vocha ya nyumba tangu 1974. Mpangaji huchangia takriban asilimia 30 ya mapato yake, na mamlaka ya nyumba ya eneo humlipa mwenye nyumba sehemu inayobaki, moja kwa moja. Malalamiko ya wenye nyumba kule ni ya aina nyingine: ukaguzi wa nyumba kabla ya mpangaji kuingia, makaratasi, na wiki za kungoja malipo ya kwanza. Yakishaanza, sehemu ya serikali huja. Uingereza ilikwenda njia tofauti. Mfumo wake wa malipo ya pamoja ulioanza 2013 humpa mpangaji pesa za nyumba mkononi, ili ajifunze kupanga matumizi yake, na madeni ya kodi yakawa kilio cha wenye nyumba. Lakini waliacha mlango wa dharura: deni likifika miezi miwili, mwenye nyumba anaweza kuomba alipwe moja kwa moja.

Sisi tumechukua njia ya Uingereza bila ule mlango.

Tanzania, bodi ya mikopo ya wanafunzi hutoa pesa za chakula na malazi kwa kipimo cha siku, hadi Sh10,000 za huko tangu mwaka wa masomo wa 2022/23, kutoka Sh8,500. Kwa kiwango cha takriban shilingi 20 za Tanzania kwa moja ya Kenya, hiyo ni kama Sh500 zetu kwa siku. Mwanafunzi wetu wa kundi la kwanza, Sh60,000 kwa siku 240, anapata Sh250. Sisemi wa Dodoma hachelewi kulipwa. Nasema kipimo cha siku kinamlazimisha anayetoa kufikiria tumbo na kitanda pamoja, ambapo chetu ni fungu moja la semesta ambalo mwanafunzi huanza kuligawa likiwa tayari limechelewa.

Je, mwenye ploti afanye nini wakati huu? Dawa inayosikika kila mahali ni kodi ya semesta nzima kwa mkupuo, kwa punguzo. Tuipime. Punguzo la asilimia 10 linashusha Sh20,000 hadi Sh18,000, na vyumba vyote 20 vikikubali kwa semesta mbili, anaacha Sh80,000 kwa mwaka. Anaepuka nini? Gharama ya kukopa kwa simu semesta mbili, karibu Sh23,900, na wawili wanaohama usiku, Sh10,000. Jumla Sh33,900. Punguzo la asilimia 10 linamgharimu zaidi ya mara mbili ya ugonjwa linaoutibu. Bei ya haki ni asilimia 4 hivi: Sh19,200 kwa semesta badala ya Sh20,000. Anayetoa zaidi ya hapo anatoa zawadi.

Na dawa yenyewe haimfikii mgonjwa. Anayeweza kutoa Sh19,200 siku ya kuripoti ni mwenye mzazi wa mshahara. Yule wa HELB ndiye hana, kwa hivyo ploti inayodai semesta nzima inamwambia kwa adabu aende kwingine, kwenye singo ya mbali isiyo na maji, au walale wanne katika chumba cha wawili. Ikiwa kila ploti ya karibu na geti itafanya hivyo, mkopo uliotungwa kwa ajili ya maskini utamlaza maskini mbali na darasa kuliko wote.

Kuchanganya wapangaji kunafaa zaidi. Wanaotegemea HELB wakiwa sita badala ya 12, pengo la mwezi mbaya linashuka kutoka Sh49,700 hadi Sh21,950, kiasi ambacho bonasi au chama kinaweza kubeba. Na makubaliano ya maandishi yenye tarehe mbili kwa mwaka, zinazofuata pesa na si tarehe tano ya kila mwezi, yanampa mwanafunzi nafasi ya kupumua na kumpa mwenye nyumba karatasi ya kushika. Wachache hufanya hivyo. Wengi wana daftari la keateka na maneno ya mdomo, kisha wanashangaa mahakama haiwaelewi.

Hayo yote ni viraka. HELB inalipa vyuo moja kwa moja kila semesta, na wanafunzi wake tayari hupokea pesa kwa njia za kidijitali. Kumruhusu mwanafunzi anayetaka, kwa idhini yake, aelekeze sehemu ya mkopo wa kujikimu kwenye namba ya malipo ya nyumba iliyosajiliwa, si jambo la kuhitaji mfumo mpya wa dunia. Mwenye nyumba angelazimika kusajiliwa na Mamlaka ya Ushuru, na serikali ingepata asilimia 7.5 yake kutoka kwa ploti ambazo leo hazionekani kabisa kwenye vitabu. Mwanafunzi angepata kitu ambacho leo hana: hoja ya kumwambia mwenye nyumba kwamba pesa zinakuja na zinakuja kwake. Wabunge wa Mlima Kenya hawahitaji kufundishwa umuhimu wa hilo. Wanahitaji kuombwa, na nawaomba.

Kwa anayefikiria kujenga sasa, kuna hesabu moja ya mwisho. Februari 2024 serikali iliuza hatifungani ya miundombinu ya miaka minane na nusu kwa riba ya asilimia 18.46, isiyokatwa ushuru. Ikiwa zile bedsita 20 ziligharimu Sh400,000 kila moja, Sh8 milioni bila kuhesabu shamba, pesa hizo zingezaa Sh1,476,800 kwa mwaka bila mpangaji hata mmoja. Ploti isiyo na mkopo, kwa mwaka tuliouhesabu wa miezi tisa kamili na mitatu ya nusu, inazaa Sh743,250. Riba kama ile haiji kila mwaka, na jengo hurithiwa, kwa hivyo watu wataendelea kujenga, nami siwalaumu.

Ila ukijenga karibu na chuo, hesabu miezi minane ya kodi na usihesabu mwingine. Kwa vyumba 20 vya Sh5,000 hiyo ni Sh800,000. Toa ushuru Sh60,000, keateka Sh144,000 na bili Sh80,000 za mwaka mzima, unabaki na Sh516,000, yaani Sh43,000 kwa mwezi. Kwa masharti yale yale ya Sacco, Sh43,000 kwa mwezi zinabeba mkopo wa Sh1.9 milioni. Usisaini wa Sh3 milioni.